Barafu za Maji ya Matunda: Zilikotoka na Jinsi ya Kuzitengeneza

Msimu wa maembe ukifika, kuanzia Novemba hadi Januari au Februari katika sehemu nyingi za pwani, kila mtu ana maembe na hakuna wa kumuuzia mwenzake. Bei ya fungu inashuka mpaka mkulima anaona hasara hata ya kuyaokota. Yanaoza chini ya mwembe, nzi wanasherehekea. Na wakati huo huo kaskazi imeshika, jua kali, watoto wanatoka shule wakitafuta kitu cha baridi cha kulamba. Basi leo tuzungumze habari za barafu za maji ya matunda, zile ambazo wengine huziita lambalamba. Nitaanza na historia yake, na ninayo sababu. Ndani ya historia hiyo limo jambo moja linalomhusu kila mama anayezitengeneza nyumbani kwa ajili ya kuuza, na tutalifikia.

Wazee wetu wa pwani walijua kuhifadhi embe, ila si kwa baridi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta watu wakila wali kwa achari ya ndimu na pilipili, na tangawizi mbichi na maembe; akaandika kwamba embe changa, likiwa bado kali kama ndimu, hutiwa katika siki. Chumvi, siki na jua ndizo zilizokuwa ghala letu. Barafu ilikuwa mbali, juu ya mlima. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipouona weupe juu ya Kilimanjaro, kiongozi wake alimwambia kuwa ule ni baridi tu. Wataalamu wa London walibisha, eti theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta! Neno lenyewe, barafu, asili yake ni Kiajemi, na kule maana yake ni theluji. Hivyo watu wengi wa pwani walilijua neno kabla hawajakishika kitu chenyewe mkononi.

Huko Uajemi walijenga tangu kale majumba ya udongo yenye paa la kuba na shimo refu chini, wakaweka humo barafu ya wakati wa baridi mpaka kiangazi. Lakini kuweka barafu ni jambo moja, na kugandisha kitu kingine kwa kutumia barafu hiyo ni jambo la pili, na hili la pili ndilo gumu. Ukilizungushia kopo la juisi barafu tupu, juisi itapoa sana lakini haitaganda vizuri. Sababu ni kwamba maji matupu huganda kwenye sifuri, na juisi yenye sukari inataka baridi zaidi ya hapo. Siri iko kwenye chumvi. Ukichanganya barafu iliyopondwa na chumvi, barafu inayeyuka haraka, na katika kuyeyuka huko inanyonya joto la kila kilicho karibu nayo. Sehemu tatu za barafu kwa sehemu moja ya chumvi, kwa uzito, zaweza kushuka mpaka nyuzi 21 chini ya sifuri.

Siri ya namna hii ni ya zamani. Katika karne ya 13 tabibu wa Sham, Ibn Abi Usaybi'a, aliandika habari za kugandisha maji kwa shura, ile chumvi iliyotumika pia kutengenezea baruti. Huko India, katika karne ya 16, watu wa mfalme Akbar walipoza maji yake ya kunywa kwa shura, na baadaye theluji ikawa inaletwa Lahore kutoka milimani. Ni India hiyo hiyo iliyotupa neno malai, ambalo watu wa pwani hulitumia kwa aiskrimu. Lakini hivyo vyote vilikuwa vitu vya wafalme na matajiri. Mkulima aliyelima hilo tunda hakukilamba.

Aliyeifanya barafu kuwa bidhaa ya meli alikuwa Mmarekani, Frederic Tudor wa Boston. Mwaka 1806 alipakia barafu iliyokatwa ziwani, akaipeleka kisiwa cha Martinique, kwenye joto kama letu. Watu walimcheka na pesa akapoteza, lakini hakuacha. Mwaka 1833 meli yake ilipeleka tani kama 180 za barafu hadi Calcutta, safari ya miezi minne baharini, na kiasi cha tani 100 zikafika hazijayeyuka. Alifanyaje? Baada ya muda alijifunza kuifunika kwa unga wa mbao, ule unaoanguka chini ya msumeno, ambao wakati huo ulikuwa takataka. Likumbuke hilo, kwa maana sisi tuna pumba za mpunga, nazo hufanya kazi hiyo hiyo.

Halafu zikaja mashine. James Harrison kule Geelong, Australia, na Ferdinand Carré wa Ufaransa, katika miaka ya 1850, walitengeneza mashine za kugandisha barafu. Kwa watu wa vijijini mimi naona iliyo kubwa zaidi ni ile ya wanafunzi wawili wa Stockholm, Baltzar von Platen na Carl Munters, mwaka 1922: friji isiyo na mota, inayofanya kazi kwa joto. Unawasha moto, unapata baridi! Hilo ndilo lililozaa friji ya mafuta ya taa, iliyotunza chanjo katika zahanati nyingi ambazo nguzo ya umeme haikuwahi kuzifikia.

Na kijiti? Inasimuliwa kwamba mwaka 1905 huko California mtoto wa miaka 11, Frank Epperson, aliacha nje usiku kikombe cha maji ya unga wa soda kikiwa na kijiti cha kukorogea ndani yake. Asubuhi akakuta yameganda na kijiti kimeshika. Akiwa mtu mzima alianza kuziuza, akapata hataza mwaka 1924, na mwaka uliofuata akaiuza haki yake kwa kampuni. Sifa nyingi hupewa mtoto huyu. Sawa, kijiti ni kizuri, mkono hauchafuki. Lakini bila wale wa shura na chumvi asingekuwa na lolote la kuchomeka kijiti.

Sasa tufike kwenye jambo nililosema. Barafu ilipokuwa rahisi, maradhi yalikuja nayo. London ya karne ya 19 wachuuzi wa mitaani waliuza aiskrimu katika vigilasi vidogo. Mteja akishalamba, kigilasi kinasuuzwa kidogo na kupewa mwingine. Vigilasi hivyo vilikuja kupigwa marufuku. Huko Marekani, mwaka 1902, homa ya matumbo iliwashika watu wa hospitali moja ya Ogdensburg, jimbo la New York. Uchunguzi ukaonyesha kisa ni barafu iliyokatwa mtoni wakati wa baridi na kuwekwa ghalani kwa miezi mingi. Hebu fikiri: miezi mingi ndani ya barafu, na vijidudu bado vina nguvu ya kumlaza mtu kitandani. Baridi huwalaza vijidudu, haiwaui wote. Maji machafu yakigandishwa ni barafu chafu, na ulimi wa mtoto ndio unaowaamsha. Kwetu ambako kipindupindu bado kinarudi na mvua, jambo hili si mchezo. Moto kwanza, friji baadaye.

Tuingie jikoni basi. Chemsha maji mpaka yatokote kabisa, uyaache yapoe yakiwa yamefunikwa. Nawa mikono kwa sabuni. Osha maembe yaliyoiva kabla ya kuyamenya, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda hadi ndani. Yale yaliyoanguka yakapasuka au kutobolewa na funza, wape ng'ombe. Ponda nyama yake, chuja nyuzi, upate lita moja ya rojo. Ongeza nusu lita ya yale maji yaliyochemshwa, sukari gramu 150 hadi 200 kulingana na utamu wa embe, maji ya ndimu mbili na chembe ya chumvi. Onja: iwe tamu kidogo kupita unavyopenda, maana kitu cha baridi ulimi hauuhisi utamu wake vizuri. Sukari ikipungua sana, barafu huwa jiwe. Ikizidi sana, haigandi. Ukwaju uchemshe pamoja na maji yake kisha uchuje. Ubuyu uloweke katika maji ya moto yaliyokwisha chemka.

Jaza vikombe vidogo, lakini usijaze mpaka ukingoni, kwani maji yakiganda huvimba kwa karibu sehemu moja ya kumi na moja. Kijiti kichomeke mchanganyiko ukianza kushikana, kitasimama chenyewe. Vijiti vya mwanzi uliochongwa vinafaa, ukivichemsha kwanza. Usikate kijiti cha mti usioujua, na mnyaa usiuguse kabisa, utomvu wake ni sumu. Kwa wanaotumia mifuko, Tanzania Bara ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019. Muulize bwana afya wa kata yako vifungashio vinavyokubaliwa kwa chakula.

Asiye na friji naye asikate tamaa. Nunua bonge la barafu pale wanapouza kwa ajili ya samaki, lifunge gunia na ulizike katika sanduku lenye pumba za mpunga mpaka ufike nyumbani. Liponde, changanya na chumvi ya mawe kwa kile kipimo cha tatu kwa moja ndani ya ndoo, uzamishe humo makopo ya juisi yenye mifuniko inayobana, kisha ufunike ndoo kwa gunia. Makopo madogo huganda upesi kuliko makubwa. Barafu hiyo ya samaki isiingie ndani ya juisi hata tone, wala usiisagie kinywaji. Siku umeme ukikatika na zilizo ndani ya friji zikayeyuka zikapata joto, usizigandishe tena ukauza. Zimwage.