Dhana potofu kuhusu ADHD

Dhana potofu kuhusu ADHD ni imani zisizo sahihi juu ya hali ya ukuaji wa ubongo inayoambatana na kukosa umakini, kuhangaika kupita kiasi na kutenda bila kufikiri.

“Ni malezi mabaya.” Urithi ndio chanzo kikubwa. Fimbo haiiondoi, na sukari haiisababishi.

“Ni ugonjwa wa Wazungu.” Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 katika kliniki za watoto za Hospitali ya Mulago, Kampala, ulikuta ADHD kwa takriban asilimia 11 ya watoto waliochunguzwa. Hao walikuwa wagonjwa wa kliniki za neva na akili, hivyo kiwango hicho si cha watoto wote.

“Ni ya wavulana watundu.” Wasichana wengi wenye ADHD hawasumbui darasani. Huzama katika mawazo, wakaitwa wavivu.

“Huisha utotoni.” Dalili huanza kabla ya miaka 12, lakini kwa wengi huendelea ukubwani.

“Kila mtoto asiyetulia anayo.” Mjini Juba, Sudan Kusini, tahadhari ya kutodhani hivyo ina uzito: mapigano ya 2013 na 2016 yaliwaacha watoto wengi na kiwewe, ambacho nacho huvuruga usingizi na umakini. Kifafa, usikivu hafifu na njaa huweza kufanana na ADHD pia. Hakuna kipimo cha damu. Mtaalamu huuliza kuhusu mwenendo wa mtoto nyumbani na shuleni katika angalau miezi 6 iliyopita.