Kabla ya Kugeuza Mars, Tazama Shinyanga

Ukicheza gemu za mikakati ya angani unajua mtindo wake: unatua kwenye sayari, unachimba madini, kisha unabonyeza kitufe na miti inaota. Raha tupu. Ila kuna vitu viwili ningependa viongezwe: muda, na wenyeji wenye sauti.

Kwa nini? Kwa sababu Shinyanga iligeuzwa mara mbili. Enzi za Waingereza misitu ilifyekwa kwa wingi ili kuondoa mbung'o na kupisha pamba. Kuni zikaadimika, udongo ukachoka, mpaka Mwalimu Nyerere akauita mkoa huo jangwa la Tanzania.

Mwaka 1986 ukaanza mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga. Kilichofanya kazi sana si miche ya vitaluni, ni ngitili: desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho wakati wa masika, yaje kuliwa kiangazi. Unafunga, unasubiri, visiki vinachipua vyenyewe. Aliyeingiza ng'ombe kinyemela alijibu mbele ya dagashida, baraza la kijiji. Kutoka hekta 600 hivi, ngitili zilipita hekta 300,000 ndani ya miaka 20.

Jirani, Geita, dhahabu bado inadai miti: mashimo ya wachimbaji wadogo hushikiliwa na magogo, na zebaki hubaki kwenye mchanga uliooshwa. Kwenye gemu, deni hilo hulioni.

Kwa hiyo watengeneza gemu, tuwekeeni kitufe cha kusubiri. Na kabla hakijabonyezwa, baraza likae.