Lytkarino: Kiwanda cha lenzi kilichokuwa macho ya jeshi la Usovieti

KATIKA mji wa Lytkarino, kusini mashariki mwa Moscow, kuna kiwanda ambacho kwa muda wa nusu karne kilikuwa macho ya jeshi la Umoja wa Kisovieti.

Hakikuunda bunduki wala risasi. Kazi yake ilikuwa kuyeyusha kioo cha lenzi. Bila kioo hicho, mwendeshaji wa kifaru hawezi kuona nje, mpiga mzinga hawezi kulenga shabaha ya mbali, na nahodha wa nyambizi hawezi kuchungulia juu ya maji.

Historia ya kiwanda hicho yaonyesha jinsi serikali ya kikomunisti ilivyokuza ufundi adimu kwa kuukabidhi jeshi. Yaonyesha pia gharama ya uamuzi huo.

Chanzo chake kilikuwa uhaba. Kabla ya mwaka wa 1914, Urusi ilitegemea sana vioo vya lenzi kutoka nje, hasa kutoka mji wa Jena nchini Ujerumani. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka, muuzaji akageuka adui, na jeshi la Urusi likajikuta halina vioo vya darubini zake.

Baada ya mapinduzi ya 1917, watawala wapya hawakulisahau funzo hilo. Mnamo Desemba 1918, huku vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiendelea, taasisi ya taifa ya utafiti wa lenzi na mwanga iliundwa mjini Petrograd chini ya mwanafizikia Dmitry Rozhdestvensky. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920, nchi hiyo ilikuwa imejifunza kuyeyusha vioo vyake yenyewe. Kiwanda cha Lytkarino kilianza kazi ya vioo vya lenzi mwishoni mwa miaka ya 1930, vita vingine vilipokuwa vikinukia.

Kioo cha lenzi si sawa na kioo cha dirisha. Mchanga wake sharti uwe safi mno, kwani hata chembe kidogo za chuma hukitia rangi ya kijani na kupunguza mwanga unaopita. Mchanganyiko huo huyeyushwa katika vyungu vinavyostahimili moto mkali, huku ukikorogwa mfululizo ili usiwe na mapovu wala mistari. Mstari mwembamba tu, usioonekana kwa urahisi, hupotosha mwanga, na shabaha ikakosewa.

Baada ya tanuri huja kazi ya subira. Kioo sharti kipoe polepole, wakati mwingine kwa majuma au miezi. Kikipoa haraka, nje huganda kabla ya ndani, na mvutano unaobaki humo waweza kukipasua. Hapa ndipo methali ya haraka haraka haina baraka ilipokuwa kanuni ya kiwandani.

Sekta nzima ya lenzi iliwekwa chini ya wizara iliyosimamia utengenezaji wa silaha. Kuanzia Juni 1941 iliongozwa na Dmitry Ustinov, aliyeshika wadhifa huo akiwa na umri wa miaka 32 na ambaye baadaye, kuanzia 1976 hadi kifo chake mnamo 1984, alikuwa Waziri wa Ulinzi.

Viwanda vya aina hiyo vilijulikana kwa nambari katika nyaraka za serikali, au kwa nambari ya sanduku la posta. Mfanyakazi hakutakiwa kueleza nje ya lango alichokuwa akikitengeneza.

Ndani ya viwanda vya silaha mlikuwa pia na maafisa wa jeshi ambao kazi yao ilikuwa kukagua bidhaa kabla hazijapokewa. Hawa hawakuwa chini ya mkurugenzi wa kiwanda, bali chini ya jeshi lenyewe, na waliweza kukataa mzigo mzima uliokuwa na kasoro.

Utaratibu huo ulikuwa na uzito wake. Katika viwanda vya kawaida vya Kisovieti, meneja alisifiwa kwa kutimiza idadi iliyowekwa na mpango wa serikali, hata bidhaa zikiwa hafifu. Raia aliyenunua viatu vibovu hakuwa na wa kumlilia. Jeshi lilikuwa mnunuzi pekee mwenye uwezo wa kukataa, na ndiyo maana ubora ulikwenda kwake.

Baada ya ushindi wa 1945, Usovieti ilichukua pia mitambo ya kampuni ya Zeiss kutoka Jena. Mnamo Oktoba 1946, wataalamu wa Kijerumani walisafirishwa pamoja na familia zao kwenda kufanya kazi katika viwanda vya Kisovieti. Mitambo ya kamera aina ya Contax ilipelekwa Kiev, ambako kamera zilizofanana nayo ziliundwa na kupewa jina la mji huo.

Mtihani mkubwa wa Lytkarino, hata hivyo, haukutoka vitani. Mnamo 1960 serikali iliamua kujenga darubini ya kutazamia nyota ambayo ingeishinda ile ya Palomar nchini Marekani, yenye kioo cha upana wa mita 5. Kioo cha darubini ya Kisovieti kingekuwa na upana wa mita 6, na ni kiwanda hicho cha silaha kilichopewa kazi ya kukitengeneza.

Kipande kilichomiminwa kilikuwa na uzani wa takriban tani 70. Kilipozwa kwa miaka 2 na siku 19. Baada ya kuchongwa na kung'arishwa kilibaki na tani 42, kikasafirishwa mnamo 1974 hadi milima ya Caucasus, karibu na kijiji cha Zelenchukskaya. Darubini hiyo ilizinduliwa mwishoni mwa Desemba 1975, ikawa kubwa kuliko zote duniani hadi ile ya Keck ya Hawaii ilipoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Lakini ukubwa haukuleta ushindi uliotarajiwa. Kioo hicho cha kwanza kilikuwa na nyufa, na baadhi ya sehemu zake zililazimika kufunikwa kwa kitambaa cheusi. Kingine kiliwekwa mahali pake mnamo 1979. Hata hicho, kwa unene wake, kilichelewa kufuata mabadiliko ya joto na baridi ya mlimani, hivyo taswira za nyota zikakosa ukali. Amri ya serikali iliweza kuleta fedha na watu, lakini haikuweza kubadilisha tabia ya kioo.

Gharama nyingine ilidhihirika mnamo 1991, Umoja wa Kisovieti ulipovunjika. Kiwanda chenye mteja mmoja mkuu hutetereka mteja huyo anapokosa fedha. Maagizo ya jeshi yalipungua ghafla, na kote nchini Urusi wafanyakazi wa viwanda vya ulinzi walikaa miezi bila mishahara. Mafundi waliolelewa na kazi ya siri sasa walihitaji kujulikana ili wapate wanunuzi.

Lytkarino haikuzama. Ilikuwa na sitali, aina ya kioo ambacho hakitanuki wala kusinyaa kwa urahisi joto linapobadilika, na ilikuwa na mikono iliyozoea vioo vikubwa. Ilipata kazi ya kung'arisha kioo cha mita 4.1 cha darubini ya VISTA iliyoko Paranal, nchini Chile. Leo kiwanda hicho kiko chini ya kampuni ya Shvabe, tawi la shirika la serikali la Rostec, hivyo hakijaondoka kabisa katika mikono ya sekta ya ulinzi.

Kazi yake nyingine imo barani Afrika. Darubini kubwa ya SALT, iliyozinduliwa Novemba 2005 huko Sutherland nchini Afrika Kusini, ina vioo 91 vyenye pembe sita kila kimoja. Vipande vyake vya sitali viliyeyushwa Lytkarino, kisha vikang'arishwa nchini Marekani, adui ambaye kiwanda hicho kilitumia miongo mingi kumtengenezea jeshi macho ya kumchungulia.