Yeriko ya Susu

Baba alikuwa na chumba cha kanju, yaani cha halmashauri ya jiji, huko Jericho, Nairobi, na sisi wengine tulibaki Ekalakala, Machakos, na Susu, mama yake Baba. Barua ilipofika mwisho wa mwezi, mimi ndiye niliyeisoma kwa sauti, nimeketi kwenye kigoda karibu na mafiga, naye akisikiliza huku akichambua ndengu kwenye ungo. Siku moja nilianza na maneno ya nyuma ya bahasha, pale mwenye kutuma anapoandika anakokaa. Nikasoma: Jericho, Nairobi. Susu akaweka ungo chini. Kikamba hakina sauti ya r, basi mdomoni mwake jina lile lilitoka Yeliko.

"Lete Mbivilia," akasema.

Nikafungua kitabu cha Yoshua, sura ya 6. Nilidhani anataka habari ninayoijua: tarumbeta za pembe za kondoo, jeshi kuuzunguka mji mara moja kila siku kwa siku 6, siku ya 7 mara 7, kuta zikaanguka. Akanisukuma mbele mpaka mstari wa 26, ambao sikuwahi kuusikia kwa mwalimu wa watoto kanisani. Hapo Yoshua anamlaani yeyote atakayeinuka kuujenga mji ule upya: msingi atauweka kwa kufiwa na mzaliwa wake wa kwanza, na malango atayasimamisha kwa kufiwa na kitinda mimba. Mzaliwa wa kwanza wa Susu ndiye aliyekuwa akilala Jericho. Akaniuliza polepole, "Mwana wakwa, waliojenga huko hawakusoma hapa?"

Swali hilo limenitembeza sana. Jericho ya Nairobi iko Eastlands, upande wa Barabara ya Jogoo. Nyumba zake zilijengwa na halmashauri ya jiji kuelekea uhuru, mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika. Jirani yake ni mtaa wa Jerusalem. Ukizunguka hapo kwa miguu unasoma enzi nzima kwenye vibao. Ofafa ni jina la Ambrose Ofafa, diwani aliyeuawa mwaka 1953 wakati wa Hali ya Hatari. Mbotela ni Tom Mbotela, aliyeuawa Novemba 1952. Kisha kuna Jericho Lumumba, ambapo mji wa Yoshua umeunganishwa na Patrice Lumumba, aliyeuawa Katanga tarehe 17 Januari 1961. Mji wa Biblia na waliouawa wa juzi wamewekwa ukuta kwa ukuta, na watoto wanacheza mpira katikati, pale Camp Toyoyo.

Katika nchi ya Biblia yenyewe miji hii miwili haikaribiani hivyo. Yerusalemu iko mlimani, zaidi ya mita 700 juu ya usawa wa bahari. Yeriko iko bonde la Yordani, zaidi ya mita 200 chini ya usawa huo. Kati yake ni kilomita zipatazo 25 za jangwa na makorongo, na ndiyo maana Luka, katika mfano wa Msamaria Mwema, anasema yule mtu aliyevamiwa na wanyang'anyi alikuwa akishuka. Mtu aliyewahi kutoka vilima vya Mbooni akateremka mpaka nyanda kavu za Masinga haelezwi habari hiyo mara mbili. Na Yeriko hiyohiyo ndiyo iliyokuwa kwao Zakayo, mkuu wa watoza ushuru, aliyepanda mkuyu ili amwone Yesu. Mwaka 2024 vijana wa Nairobi walipoandamana kupinga Mswada wa Fedha, walimwita Rais Zakayo na kumtaka ashuke. Hakuna aliyehitaji kuambiwa ni mti gani.

Jambo moja dogo linasema mengi kuhusu mitaa hii: tahajia. Biblia ya Kiswahili ina Yeriko na Yerusalemu. Vibao vya Nairobi vina Jericho na Jerusalem, kwa Kiingereza, kwa sababu ofisi iliyojenga ilifanya kazi zake kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwenye kusoma Biblia kwa lugha yake na mwenye kusoma bahasha wangeweza kupishana, wasijue kuwa wanataja mji mmoja. Susu alijua kwa sikio tu.

Na sikio hilo lilikuwa limezoezwa muda mrefu. Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani wa Church Missionary Society, alifungua kituo Rabai mwaka 1846, na mwaka 1849 akapanda hadi Ukambani, akakaribishwa Kitui na Kivoi wa Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa misafara. Injili ya Marko kwa Kikamba, kazi ya Krapf, ilichapishwa Ujerumani mwaka 1850. Mwaka 1851 alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea Mto Tana. Msafara ukashambuliwa, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia peke yake nyikani. Alipofika mtoni hakuwa na kibuyu. Akajaza maji kwenye mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwenye mitutu ya bunduki, akaziba kwa majani. Ninapoutazama Tana kule Masinga, uliozuiwa na bwawa tangu mwaka 1981, humfikiria mtu huyo na maji yake ndani ya bunduki. Majina ya Kanaani yaliingia kwetu kwa njia ya namna hiyo.

Baada yake walikuja wengine. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alianzisha kituo Nzaui mwishoni mwa mwaka 1895, akafa kwa homa mwaka uliofuata. Agano Jipya lote la Kikamba lilitoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Hesabu miaka hiyo, utaona kwamba Wakamba walipata kuisoma laana ya Yoshua kwa lugha yao miaka michache tu kabla ya funguo za nyumba za Jericho kugawiwa.

Lakini tazama ramani ya Machakos uone Biblia ilipokataa kukaa. Ekalakala imebaki Ekalakala. Kithyoko, Kangonde, Ndithini, Kivaa, Masinga, hakuna mmisionari wala mhubiri aliyeyafuta. Hata African Brotherhood Church, lililoanzishwa mwaka 1945 na Wakamba waliokuwa wakifanya kazi Nairobi, lilipoweka makao yake Mitaboni halikupageuza kuwa Sayuni. Pakaendelea kuitwa Mitaboni. Majina ya Biblia kwetu utayaona kwenye vitu vilivyoanzishwa na watu walio hai: kibao cha kanisa la mabati kinachosema Betheli, duka la Ebeneza, kinyozi wa Gilgali, hoteli ya chai inayoitwa Shilo. Ebeneza ni lile jiwe alilosimamisha Samweli, ishara kwamba Mungu amewasaidia mpaka hapo. Mtu aliyeanza na meza moja ya nyanya na sasa ana mlango wa chuma na mizani anajua kwa nini analitaka jina hilo. Ninavyoona mimi, jina la Biblia linashika pale ambapo hakuna jina la mababu la kuliondoa, ambapo watu wamefika wapya na wanahitaji kusema wako sehemu gani ya safari.

Mfano mkubwa kuliko yote niujuao uko mbali, kando ya Ziwa Michigan, Marekani. John Alexander Dowie, mhubiri mzaliwa wa Edinburgh aliyeishi Australia kabla ya kufika Chicago, alinunua maelfu ya ekari za mashamba ya wakulima kaskazini mwa jiji hilo, na mwaka 1901 akaufungua mji akauita Zion, yaani Sayuni. Humo ilipigwa marufuku pombe, tumbaku, nyama ya nguruwe, maduka ya dawa na madaktari, kwa kuwa Dowie alifundisha kuponywa kwa maombi. Ardhi haikuuzwa. Muumini alipewa ukodishaji wa miaka 1,100. Katikati iliwekwa bustani kubwa, Shiloh Park, na njia zikatawanyika kutoka hapo kama miale.

Kwa nini Shilo katikati? Kwa sababu katika kitabu cha Yoshua, Waisraeli walipokwisha kuingia Kanaani, Shilo ndipo mahali waliposimamisha hema ya kukutania, kabla Yerusalemu haijawa chochote kwao. Ndani ya bustani hiyo Dowie alijenga hema lake, jumba la mbao la kukusanya maelfu. Barabara nazo zikapewa majina kama mtu anayefungua Biblia bila kuacha ukurasa: Galilaya, Emau, Hebroni, Horebu, Gileadi, Gideoni, Ezekieli, Gabrieli, Elisha. Elimu ipo, mahali pa chemchemi 12 na mitende 70 ambapo Waisraeli walipumzika baada ya maji machungu ya Mara. Mpangaji aliyetoka kiwandani jioni akaingia njia ya Elimu alikuwa ameambiwa na kibao kwamba jangwa lipo nyuma yake. Na humo humo, kati ya manabii, kuna njia ya Edina na ya Caledonia, majina ya kishairi ya Edinburgh na Uskoti. Mzee alipomaliza kuhesabu miji ya Mungu aliikumbuka na ya mama yake. Hilo linanigusa kuliko Sayuni yote.

Dowie alijitangaza kuwa Eliya, mji ukafilisika, akafa mwaka 1907. Hema la Shilo liliteketea mwaka 1937. Vibao bado vipo. Ujumbe wake pia ulivuka bahari. Wahubiri wa Sayuni walibatiza watu Afrika Kusini kuanzia mwaka 1904, na kutoka chipukizi hilo yakazaliwa makanisa ya Kizayuni ya Waafrika. Kubwa zaidi, Zion Christian Church la Engenas Lekganyane, lina mji wake mtakatifu Limpopo unaoitwa Moria, jina la nchi ambako Ibrahimu alikwenda kumtoa Isaka sadaka. Kila Pasaka mabasi huufuata kwa mamia.

Kwetu Kenya jirani wa karibu wa habari hii ni Nineve. Mwaka 1942, magharibi mwa nchi, David Zakayo Kivuli alianzisha kanisa la African Israel Nineveh, na boma lake mwenyewe likaitwa Nineve. Wafuasi wake wanajulikana kwa kanzu nyeupe, vilemba, bendera na ngoma, wakitembea kwa mpango barabarani, na kwa kuungama dhambi hadharani. Uchaguzi wa jina ni wa ajabu ukiufikiria. Nineve ya Biblia haikuwa mji wa wateule. Ulikuwa mji wa adui, ambao Yona mwanzoni alikataa hata kuuhubiria, lakini ndio uliotubu mara moja, kuanzia mfalme hadi mifugo iliyovikwa magunia. Kivuli hakudai kujenga Yerusalemu mpya. Aliita kwake mji wa waliotubu, na mtu yeyote anayepita langoni anajua anachotakiwa kufanya.

Kule Lalibela, Ethiopia, kazi ya kupanda majina ya Biblia ardhini ilifanywa kwa patasi. Makanisa 11 yalichongwa ndani ya mwamba, moja likaitwa Golgotha, na mfereji unaopita kati ya makundi yake ukaitwa Yordani.

Machakos nayo ina Kanaani yake, Athi River, kando ya njia ya Mombasa, katikati ya vumbi la viwanda vya saruji. Jina hilo lilipanda bei mwaka 2017, Raila Odinga alipojiita Yoshua na kuahidi kuwavusha Wakenya hadi Kanaani. Kwa wakazi wa pale, Kanaani ni kituo unachomtajia kondakta. Na Nairobi kuna Sinai, kijiji cha Mukuru kilichokuwa juu ya bomba la mafuta. Asubuhi ya tarehe 12 Septemba 2011 mafuta yalivuja, watu wakatoka na ndoo, moto ukalipuka, zikapotea roho zipatazo 100. Kitabu cha Kutoka kinasema mlima wa Sinai ulifuka moshi kama tanuri. Siku ile sikuweza kulisoma jina hilo gazetini nikaendelea.

Susu alikuwa anajua pia mahali laana ya Yoshua ilipotimia, Wafalme wa Kwanza 16, Hieli wa Betheli alipoijenga Yeriko akafiwa na Abiramu na Segubu, wa kwanza na wa mwisho wake. Sasa kaunti ya Nairobi ina mpango wa kubomoa mitaa ya zamani ya Eastlands na kusimamisha maghorofa, na wapangaji wa nyumba za kanju wana hofu zao wenyewe, za kodi na za kufukuzwa.

Baba alikaa Jericho mpaka alipostaafu. Alirudi Ekalakala kwa matatu ya mchana, na sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba, na ufunguo wa chumba aliosahau kuurudisha. Susu alikuwa amesimama chini ya mwembe tangu asubuhi. Hakumsalimu kwanza. Alimshika mikono yote miwili, akamtazama kuanzia utosini.

"Umetoka Yeliko?"

"Nimetoka, Mwaitu."

Ndipo akaenda kumletea maji.