Nguo tunaanika kwenye kamba, kwa nini dagaa tunawaanika mchangani?

Sijawahi kumwona mtu hapa Ilemela akifua shuka halafu akalitandaza kwenye mchanga wa ufukweni. Tunafunga kamba kutoka kwenye nguzo hadi kwenye mwembe, upepo wa ziwa unapita mbele na nyuma, na kufika mchana shuka limekauka bila kulipia hata senti moja. Lakini nenda Igombe au Kayenze asubuhi, baada ya usiku wa giza, utakuta dagaa wengi wamemwagwa chini. Mazoea haya yana historia yake, na yanagusa mfuko wako, kwa hiyo tuifuatilie.

Wazee wetu wa mwambao waliishi kwa samaki wengine zaidi: ngege, ningu, kamongo, kambare na furu. Furu, kwa kuwa ni wadogo, waliweza kuanikwa juani. Wakubwa walibanikwa kwa moshi. Serikali ya kikoloni ilipomtuma Michael Graham kulichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, shida iliyomleta ilikuwa ngege, ambaye nyavu zilikuwa zimeanza kummaliza. Dagaa anakaa kwenye maji ya wazi na hutegwa vizuri usiku kwa mwanga. Biashara yake ilikua baadaye, karabai na mafuta ya taa vilipopatikana kwa urahisi.

Kisha akaja sangara. Aliingizwa ziwani upande wa Uganda katika miaka ya 1950, na kufika miaka ya 1980 alikuwa amejaa Ghuba ya Mwanza. Aina nyingi za furu zikatoweka. Dagaa wakabaki, tena wakaongezeka. Watu huzungumza sana habari ya sangara na furu, lakini suala la kuni halitajwi sana. Sangara ana nyama nene na mafuta mengi. Ukimwanika juani ataoza kabla hajakauka. Ilibidi abanikwe au akaangwe, na miti ya visiwani na mwambao ndiyo iliyolipa gharama hiyo. Viwanda vya minofu vilipoingia Mwanza miaka ya 1990, minofu ilikwenda Ulaya na sisi tukabaki na mapanki, ambayo nayo yanataka moto. Hivyo mwambao uleule una samaki wawili wenye gharama mbili tofauti. Mmoja anakula kuni, mwingine anakaushwa na jua.

Jua hilo lina thamani gani? Tupige hesabu. Ili upate kilo moja ya dagaa wakavu unahitaji takribani kilo nne za wabichi, maana yake kilo tatu za maji zimepaa hewani. Kugeuza maji hayo kuwa mvuke kunahitaji joto linalokaribia uniti mbili za umeme. Kwa gunia la kilo 50 ni karibu uniti 95. Kwa bei ya shilingi 350 na kitu kwa uniti, umeshafika zaidi ya shilingi 33,000. Ukitaka kutumia kuni, mafiga matatu hupoteza joto jingi pembeni. Tukichukulia kwamba sehemu moja tu kati ya kumi ndiyo inayomfikia samaki, kila kilo ya dagaa wakavu itakula takribani kilo nne za kuni. Hesabu ni hiyohiyo kwa beseni la nguo zilizobeba lita tatu za maji. Kamba yako inakufanyia kazi ya uniti mbili kila unapofua, ila hakuna anayekuletea bili.

Kwa hiyo jua tunalo, na tumelitumia siku zote. Kinachotuangusha ni mchanga.

Wapo wanaosema akina mama wanaanika mchangani kwa sababu hawajaelimishwa. Sikubaliani nao. Mitumbwi inarudi alfajiri yote kwa mpigo, dagaa ni wengi na wanaharibika haraka, na ufukwe ni mpana na wa bure. Mchanga ukipata jua unashika joto. Wengine hutumia majabali yetu ya Mwanza, ambayo angalau hayashikani na samaki, ingawa ndege nao huyapenda. Halafu kuna bei: mnunuzi akichanganya dagaa wote kwenye gunia moja na kulipa bei moja, aliyejenga kichanja amepata nini? Mtu anayepima faida yake hivyo si mjinga.

Hasara hujitokeza mvua inapokuja. Masika, dagaa walio chini hulowa na mchanga, hubadilika rangi, na mwisho huuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Kichanja cha waya au nyavu kilichoinuliwa hufanya kile kinachofanywa na kamba ya nguo: hewa hupita chini, maji hutoka pande zote mbili, na wingu likitanda unavuta turubai juu. Jirani zetu wa Burundi, upande wa Ziwa Tanganyika, walianza kufundishwa vichanja vya waya mwaka 2004 kwa msaada wa FAO. Muda wa kukausha ulishuka kutoka siku tatu hadi kama saa nane, na bei ya kilo ikapanda zaidi ya mara mbili. Sababu ya bei kupanda ni kwamba wanunuzi waliwaona ndagala wasio na mchanga na wakakubali kuwalipia.

Kwa hiyo wewe unayeuza Mwaloni Kirumba, wa kichanjani wapange mbali na wa mchangani tangu siku ya kwanza, hata kama ni ndoo moja tu. Ukiwachanganya, gharama ya nguzo na waya hairudi. Anza na kichanja kimoja chenye kimo cha kiunoni, upana usizidi mita moja na nusu ili mkono ufike katikati kutoka kila upande. Tandaza dagaa tabaka moja jembamba, wasipandane. Na ukitumia nyavu chakavu, ifue kwanza kwa sabuni na uinuse. Iliyokaa karibu na mafuta ya taa usiitumie kabisa, maana harufu hiyo ikiingia kwa dagaa haitoki.