Mbichi na Mkavu: Neno Moja Katika Biashara ya Samaki Mwanza

Kivumishi -bichi kinabeba mzigo mkubwa kuliko umbo lake, kwa kuwa hutaja nguo ambayo haijakauka, embe ambalo halijaiva, nyama ambayo haijapikwa, kidonda ambacho hakijafunga na mti ambao bado una utomvu. Kwa hiyo kinyume chake si kimoja, bali ni -kavu mahali fulani, -bivu mahali pengine, na kwingine ni kitu kilichopita motoni. Tofali bichi huitwa hivyo hata baada ya kukauka kabisa juani, kwa sababu tanuri bado halijaligusa. Neno hili ni la Kibantu, na ndugu yake -bisi anasikika katika Kiganda ng'ambo ya Ziwa Viktoria akiwa na maana zinazokaribiana nayo. Katika Mwanza na visiwa vyake, maana ipi ya -bichi itangulie nyingine ni jambo lililoamuliwa kwa sehemu kubwa na biashara ya samaki.

Kabla ya miaka ya 1980, samaki waliojaa zaidi katika Ziwa Viktoria walikuwa furu, kundi la mamia ya spishi za samaki wadogo, na samaki mbichi alikuwa mali ya saa chache, isiyoweza kwenda mbali na mwalo, yaani mahali pa ufukweni ambapo mitumbwi hutia nanga na samaki huuzwa. Aliyetaka samaki wake wafike bara, au wapakiwe katika reli iliyoingia Mwanza kutoka Tabora mwaka 1928, alilazimika kwanza kuwaondoa maji kwa jua au kwa moshi. Ujuzi huo haukuwa wa wavuvi peke yao, kwani Wasukuma walihifadhi viazi vitamu kwa njia iyo hiyo: michembe ni viazi vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi, na matobolwa ni viazi vilivyochemshwa kwanza ndipo vikaanikwa.

Ni katika dagaa, hata hivyo, neno hili linapoonekana kwa karibu zaidi. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani usiku wa giza, yaani usiku usio na mwezi, kwa sababu samaki hao wadogo hufuata mwanga wa karabai, taa ya mafuta inayojazwa upepo kwa pampu, ambayo siku hizi inaziachia nafasi taa za betri na za nguvu za jua. Alfajiri dagaa wabichi hushushwa na kuanikwa mchangani, juu ya majabali au juu ya chanja, kazi ambayo kwa sehemu kubwa imekuwa mikononi mwa wanawake, na jua likiwa kali huwa wakavu kabla ya jioni. Mnunuzi huchota wachache kiganjani na kuwakunja kwa vidole: aliyekauka huvunjika kwa mlio mdogo, aliye mbichi hupinda. Methali isemayo samaki mkunje angali mbichi hutajwa leo katika malezi ya watoto, lakini ukweli inaousimamia ni huo huo unaopimwa kwa vidole huko mwaloni. Mvua za vuli na masika zikishuka dagaa wakiwa mchangani, hupoteza weupe wao wa fedha, huanza kunuka, na huishia kuuzwa kwa bei ya chini kama chakula cha kuku, na hasara ya wingu hilo moja humwangukia mwanikaji ambaye tayari amekwisha kumlipa mvuvi. Kwa mwanamke huyo, ubichi ni hatari kabla ya kuwa sifa.

Sangara, aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960 na kuenea kwa kasi miaka ya 1980 huku furu wakitoweka, aliipindua hesabu hiyo. Mafuta yake mengi hayakubali kuanikwa hivi hivi, hivyo alibanikwa kwa kuni nyingi, au alitiwa chumvi na kukaushwa akawa kayabo, bidhaa iliyopata wanunuzi hadi Kongo kupitia soko la Kirumba Mwaloni. Viwanda vya minofu vilipojengwa Mwanza katika miaka ya 1990, barafu na ndege viliufanya ubichi kuwa ndio bei yenyewe, kwani mnofu uliopoozwa bila kugandishwa ulitakiwa Ulaya. Lakini bei hiyo ilikuwa na udhaifu wake, kama ilivyodhihirika mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa hofu ya sumu. Waliokaa ufukweni walibakiwa na mapanki, yaani vichwa na mifupa iliyovuliwa minofu, na wengi wao waliyakaangia mafuta au kuyakausha, wakirudia ujuzi ule ule wa zamani.

Katika sangara huyo huyo, sehemu yenye bei kubwa zaidi kwa kilo si mnofu, bali ni bondo, mfuko wa hewa ulio tumboni mwake, ambao hutolewa ukiwa mbichi na mtelezi, husafishwa damu na utando, kisha huanikwa mpaka uwe mgumu na wa rangi ya kaharabu, ndipo uanze safari ya kwenda China.