Barua za Pwani ya Cabo Delgado na Kompyuta za Kesho

Tunaposikia habari za nanoteknolojia na sayansi ya kompyuta, huwa tunadhani kuwa mambo hayo ni ya wahandisi peke yao. Historia ya pwani ya kaskazini ya Cabo Delgado, huko Msumbiji, inatuonyesha kwamba yanatuhusu pia sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili.

Katika karne ya 19, watawala wa pwani ya kaskazini mwa Msumbiji waliwaandikia Wareno barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Barua nyingi zimehifadhiwa katika Arquivo Histórico de Moçambique, mjini Maputo. Hati hizo zilitoka ugenini, lakini wenyeji walizifanya zao. Kwa kuwa Kiarabu hakina sauti kama p na v, waandishi wa zamani walizoea kutumia herufi moja kwa sauti mbili. Hivyo "bata" na "pata" yaliweza kuandikwa sawasawa, na msomaji aliyeijua lugha akaelewa.

Mwaka 1886 Wajerumani na Wareno walikubaliana kuhusu mpaka wa mto Ruvuma. Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili cha Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda, Msumbiji haikuwamo. Athari zake zilifika hadi kwenye kompyuta. Mwaka 2004, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliposhiriki kutoa programu za ofisi kwa Kiswahili, lugha iliyotumika ilikuwa ile sanifu. Kimwani, lugha ya Ibo na Mocímboa da Praia iliyo jirani sana na Kiswahili, hakikuwa na nafasi humo.

Siku hizi vijenzi vya kompyuta hupimwa kwa nanometa, yaani sehemu moja ya bilioni ya mita, na mashine hujifunza lugha kutokana na matini. Hata hivyo, mashine haitatofautisha "bata" na "pata" katika barua hizo bila matini zilizokwisha kusomwa na wajuzi. Nao wajuzi wametawanyika: tangu mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia mwezi Oktoba 2017, watu wengi wa pwani hiyo wameyahama makazi yao.

Kwa hiyo tunawahimiza wanafunzi wetu wajifunze hati za Kiarabu, wanukuu barua hizo, na wawarekodi wazee wa Kimwani wangali hai. Uvumbuzi wa kesho utajengwa juu ya yale tutakayokuwa tumeyaandika leo.